Kumhoji mgeni wa makumbusho bila kumdhulumu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Nilipokuwa bado mpya katika kazi ya kutathmini maonyesho ya makumbusho, nilimfuata mwanamke mmoja ukumbini. Ndivyo nilivyotumwa. Mkononi nilikuwa na mchoro wa ukumbi na saa ya kuhesabu sekunde. Kila aliposimama, nilitia alama na kuandika muda. Mbele ya kabati la kioo lenye barua ya askari aliyekufa vitani alisimama dakika nne. Niliandika "240", na pembeni nikaongeza "amevutiwa sana". Kisha akageuka. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na kitu cha kwanza alichokiona ni mimi nikimtazama, kalamu mkononi. Hakusema neno. Alitoka kwa mlango wa karibu, na nusu ya pili ya onyesho hakuiona.

Sekunde 240 zilikuwa kipimo sahihi. Lakini nilizichukua kwa mtu asiyejua kwamba anapimwa, na yale maneno "amevutiwa sana" niliyabuni mwenyewe, kwa kuwa fomu ilitaka neno. Nilimdhulumu yeye, na niliyemwandikia ripoti nilimpotosha. Tangu siku ile sijaona maadili na ubora wa tathmini kama mambo mawili. Mgeni amekuja makumbusho kutazama, hakuja kutazamwa. Unachokichukua kwake, iwe dakika zake, maneno yake au mwendo wake, ukichukue akijua, na kiwe na kazi.

Hatua zifuatazo ni za yeyote anayetathmini onyesho, programu ya elimu au huduma ya makumbusho, awe mwajiriwa, mwanafunzi au mshauri wa nje.

Hatua ya 1: Kila swali lipewe kazi

Kabla ya kuchapa hojaji, chora jedwali la safu mbili. Kushoto andika swali. Kulia andika uamuzi utakaobadilika kutokana na jibu, na jina la mtu mwenye uwezo wa kuufanya. Swali lisilo na kitu upande wa kulia lifutwe.

Mengi yatafutika. Umri, elimu, kipato na kabila huulizwa kwa mazoea tu, kwa sababu yalikuwemo kwenye hojaji ya mwaka jana. Jiulize: wageni wengi wakiwa na umri wa miaka 30 tutafanya nini, na wakiwa na 60 tutafanya nini? Ikiwa ni jambo lile lile, umri wa mtu haukuhusu. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, imeliweka hili wazi kabisa: kusanya kile tu kinachohitajika kwa lengo ulilolitaja. Hata mahali ambapo sheria hiyo haifiki, ni kipimo kizuri.

Angalia pia wakati. Tathmini endelezi, inayofanywa onyesho likiwa bado ni karatasi na maboksi, ina nafasi ya kubadilisha kitu. Tathmini tamati hufanywa mambo yameshajengwa na bajeti imekwisha. Ukiuliza wakati huo "ungependa tubadilishe nini?" huku ukijua hakuna kitakachobadilishwa, umemdanganya mhojiwa. Uliza badala yake kile kitakachosaidia onyesho lijalo, na umwambie hivyo.

Hatua ya 2: Jua unahitaji kibali cha nani

Kwa kawaida utafiti hutafuta maarifa yatakayotumika hata nje ya jengo lako, ilhali tathmini huuliza kama kitu hiki, hapa, kinafanya kazi. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu katika nchi nyingi utafiti unaohusu watu lazima upite kwenye kamati ya maadili, na tathmini ya ndani mara nyingi haipiti. Ukiwa na nia ya kuchapisha matokeo kwenye jarida au kuyapeleka kwenye mkutano wa wataalamu, peleka andiko lako kwa kamati kabla hujamhoji mtu hata mmoja. Kibali hakitolewi baada ya kazi.

Kutopita kwenye kamati hakumaanishi kwamba uko huru. Mgeni hajui kama wewe unaita kazi yako utafiti au tathmini. Anachojua ni kwamba mtu amemsimamisha.

Kanuni nyingi za leo zilizaliwa na maumivu. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa tu na maafisa wa afya wa serikali. Hawakuambiwa ukweli na hawakutibiwa, hata penisilini ilipokuwa imekwisha kuwa dawa ya kawaida. Habari hiyo ilipofichuka, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 1974 na kuunda tume. Mwezi Februari 1976 tume hiyo ilikaa siku nne ikijadiliana kwenye nyumba ya mikutano iitwayo Belmont, na ripoti yake ya 1979 ikabeba jina hilo. Nguzo zake ni tatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema, na kutenda haki. Nyumba ile ilikuwa mali ya Smithsonian, taasisi kubwa ya makumbusho. Huwa nawakumbusha wenzangu jambo hilo wanaposema kwamba maadili ya utafiti ni habari za madaktari.

Hatua ya 3: Usichague nyuso zinazotabasamu

Mwache msaili peke yake ukumbini achague watu wa kuwahoji, naye atawachagua wanaofanana naye, wasio na haraka, wanaoongea lugha yake, wasiobeba mtoto anayelia. Hana nia mbaya. Ni woga wa kawaida wa kukataliwa. Lakini sauti za wengine zinapotea, na baadaye ukumbi unapangwa kwa ajili ya wale wale.

Dawa yake ni mstari. Chagua mstari sakafuni, wa kufikirika au wa vigae, na umwendee kila mtu wa tano anayeuvuka, awe nani. Wanaokataa uwahesabu pia. Kama kwenye watu 80 uliowaendea 50 wamekataa, msomaji wa ripoti anastahili kujua.

Andaa njia ya kumfikia asiyesoma maandishi madogo, asiyesikia vizuri, na anayeongea lugha nyingine. Mtoto asitumike kumtafsiria mzazi.

Hatua ya 4: Omba ridhaa kwa maneno ya mtu mzima kwa mtu mzima

Nimeona fomu za ridhaa zenye kurasa tatu za maneno ya kisheria kwa ajili ya mahojiano ya dakika tano. Hizo zinamlinda anayeuliza. Mgeni husaini ili ukurasa uishe, na hajaridhia chochote. Kwa mahojiano mafupi yasiyo na jambo nyeti, ridhaa ya mdomo inatosha kama kamati yako haijataka vingine, mradi maneno yawe kamili. Mimi hutumia maneno kama haya:

"Samahani ndugu. Nafanya kazi hapa makumbusho. Tunataka kujua kama maelezo ya ukumbi huu yanaeleweka, kwa sababu mwezi ujao tunayaandika upya. Nina maswali sita, kama dakika tano hivi. Sitaandika jina lako. Swali usilolipenda tuliruke, na ukitaka kuacha katikati tunaacha, hakuna neno. Una nafasi sasa, au ungependa kuendelea kutazama?"

Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoifanyia kazi zaidi. "Utanisaidia?" humfunga mtu, maana kumnyima msaada aliyeuomba kwa heshima ni aibu. "Au ungependa kuendelea kutazama?" humpa njia ya kuondoka bila kusema hapana. Tumia jina halisi la kazi yako, na dakika ziwe za kweli. Yajaribu maswali kwa wenzako na uwapime kwa saa. Ukisema tano yakawa kumi na mbili, umekopa bila kibali.

Ridhaa ni kitu kinachoendelea. Mtu anayeanza kujibu kwa neno moja moja, anayetazama mlango au anayemvuta mtoto wake karibu, ameshaiondoa ridhaa yake hata kama mdomo haujasema. Funga daftari na umshukuru.

Kurekodi sauti kuna ombi lake peke yake. Picha vilevile. Anayekubali kuhojiwa hajakubali kurekodiwa, na anayekubali kurekodiwa hajakubali sauti yake isikike kwenye tangazo la makumbusho.

Kuhusu zawadi, iwe ndogo kiasi cha kusema asante, na umpe hata aliyeacha katikati. Zawadi inayotolewa kwa anayemaliza tu ni mtego.

Na kama wahojiwa wako ni walinzi, wasafishaji, wanaojitolea au waongozaji, usiwaombe ridhaa mbele ya msimamizi wao, na usiwaombe kupitia kwake. Mfanyakazi aliyeambiwa na bosi "nenda kahojiwe" hawezi kukataa.

Hatua ya 5: Kufuatilia mwendo wa wageni

Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuwatazama wageni ni desturi ya zamani. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Boston alichapisha picha za mtu akiinama, akichuchumaa na kujinyonga shingo ili aone vitu kwenye makabati, akatoa hoja kwamba uchovu wa makumbusho unasababishwa na mpangilio mbaya. Mtu wa kwenye picha alikuwa akijibu maswali aliyopewa, alijua anachokifanya. Mwaka 1928 Edward Robinson wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha kazi ya namna nyingine: wageni wa kawaida walifuatwa kimya kimya, wakihesabiwa sekunde mbele ya kila picha. Mwanafunzi wake Arthur Melton aliendeleza njia hiyo. Mambo tunayoyajua leo, kwamba wengi hutumia sekunde chache tu kwa kitu kimoja na kwamba wengi huelekea kulia wakiingia ukumbini, yalianzia kwenye kazi za namna hiyo. Ni maarifa yenye thamani, lakini yalichukuliwa kwa watu ambao hawakuulizwa.

Kuna hoja ya kweli upande wa kimya: mtu akijua anatazamwa hubadilika, husoma kila kibao kama mwanafunzi siku ya mtihani. Njia ya katikati ipo, na ndiyo ninayoifuata sasa:

Weka tangazo mlangoni, kwa herufi zinazosomeka ukiwa hatua tano, likisema kwamba leo wafanyakazi wanaangalia jinsi ukumbi unavyotumika, kwamba hawaandiki majina wala kupiga picha, na kwamba asiyetaka amwambie mtu yeyote mwenye beji. Vaa beji. Usijifiche nyuma ya nguzo; anayeonekana wazi hamtishi mtu, na baada ya dakika kumi hakuna anayemjali.

Andika mwendo, usiandike moyo. "Alisimama, aliinama, alisoma kwa sauti, alirudi." Usiandike "alifurahi" wala "alichoka". Ukitaka kujua alichohisi, mwulize mwishoni.

Mtu akilia, akigombana na mwenzake, akisali, akinyonyesha, au akikutazama mara mbili, acha hapo hapo na uifute rekodi yake. Usiisogeze kalamu pembeni ukaendelea kwa macho.

Zipo kumbi ambazo hazifuatiliwi kabisa: penye mabaki ya binadamu, penye kumbukumbu ya mauaji, penye vitu vitakatifu ambavyo wengine huja kuviabudu. Huko uliza watu baada ya kutoka, kwa hiari yao, wakiwa wamekaa.

Teknolojia haipunguzi wajibu huu, inauongeza. Kamera zinazohesabu vichwa na vifaa vinavyonusa mawimbi ya simu za wageni vinaweza kumfuata mtu mmoja jengo zima. Mwulize aliyewauzia kifaa maswali matatu, na majibu yaandikwe: kinahifadhi nini, kwa muda gani, na nani mwingine anaona? Kama anasita, kifaa kisiwashwe. Na kamera iliyowekwa kwa ajili ya wezi isigeuzwe kuwa ya utafiti kwa sababu tu tayari ipo ukutani.

Hatua ya 6: Watoto

Idhini hutoka kwa mzazi au mlezi, ridhaa hutoka kwa mtoto mwenyewe. Unazihitaji zote mbili, na "hapana" ya mtoto ina nguvu kuliko "ndiyo" ya mzazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Kwa hiyo kuwaacha watoto nje ya tathmini kwa kukwepa usumbufu wa fomu nako ni kuwanyima haki.

Ziara za shule ndizo ngumu. Mwalimu akisema darasani "dada huyu atawauliza maswali, jibuni vizuri", watoto 40 wameshaamriwa. Peleka barua kwa wazazi kupitia shule siku kadhaa kabla. Siku yenyewe, weka shughuli mbili zenye uzuri sawa, moja ya kuzungumza nawe na nyingine ya kuchora, kila mtoto achague. Zungumza nao mahali ambapo mwalimu anaonekana ila hasikii. Waambie mapema kwamba huu si mtihani, hakuna jibu la makosa. Nilimwuliza msichana wa miaka minane kitu gani hakukielewa. Alimtazama mwalimu kwanza, kisha akasema "nimeelewa vyote". Aliposogea kwenye meza ya kuchora alimwonyesha mwenzake kinu na kumwuliza ni kitu gani kile.

Hatua ya 7: Watu ambao vitu ni vya kwao

Onyesho linapohusu jamii fulani, mzungumzaji mmoja hutoa siri zisizo zake peke yake. Mzee anayekueleza matumizi ya kinyago anaweza kuwa anagusa jambo ambalo jamii yake huwaambia waliofanyiwa jando tu. Ridhaa yake binafsi haitoshi. Uliza ni nani mwingine mwenye neno juu ya habari hizi.

Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa data za watu wa asili ulitoa kanuni nne zinazofahamika kama CARE: data ilete manufaa kwa jamii nzima, jamii iwe na mamlaka juu yake, anayeitumia awajibike, na maadili yatangulie. Kwa vitendo, kaeni na wawakilishi kabla maswali hayajaandikwa. Waulizwe wao wanataka kujua nini kuhusu onyesho linalowahusu. Kubalianeni rekodi zitakaa wapi na nani atazifungua. Rasimu ya ripoti waione wakati bado inaweza kubadilishwa. Na walipwe kwa ushauri wao kama anavyolipwa mshauri mwingine yeyote.

Hatua ya 8: Jina kufutwa hakutoshi

"Hatukuandika majina" si ngao. Tazama mstari huu wa lahajedwali niliyowahi kuletewa, ikielezwa kwamba imefichwa utambulisho: mwanamke, zaidi ya miaka 70, anatumia kiti cha magurudumu, huja kila Jumanne asubuhi, "waongozaji hawana adabu". Kila mtu aliyefanya kazi pale alijua ni nani kabla ya kumaliza kusoma, wakiwemo wale waongozaji. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe ya kuzaliwa.

Kwa hiyo umri uwe wa makundi mapana. Kundi lenye watu chini ya watano liunganishwe na jingine kabla ya kuchapishwa. Nukuu ikaguliwe, maana watu hutambuliwa kwa misemo yao. Kama kuna orodha ya majina, kwa mfano kwa mahojiano ya marudio, ikae faili tofauti na majibu, yenye nenosiri lake, chini ya mtu mmoja. Simu binafsi ya msaili isitumike kurekodi. Nyingi hupeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni bila hata mwenyewe kukumbuka.

Hatua ya 9: Ripoti ya ukweli

Kubalianeni na mfadhili au mkurugenzi kwa maandishi, kabla ya kuanza, kwamba matokeo mabaya yataandikwa kama yalivyo. Baada ya kazi mazungumzo hayo huwa magumu, maana kila mtu ameshaona namba.

Anayetathmini onyesho alilolibuni mwenyewe aseme hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Ukiweza, msaili awe mtu mwingine: wageni wana adabu, na hawamwambii mpishi kwamba chumvi imezidi.

Kisha warudishie waliokupa. Karatasi moja ukutani, karibu na mlango, inatosha: "Mlituambia kwamba herufi za ukumbi wa pili ni ndogo. Tumezikuza. Wengi mliomba viti zaidi. Mwaka huu hatutaweza, kwa sababu njia ya dharura ingezibwa." La pili hilo lina uzito sawa na la kwanza.

Hatua ya 10: Siku ya kufuta

Siku unayoanza kukusanya, andika kwenye kalenda tarehe ya kufuta na jina la atakayefuta. Kwa sauti zilizorekodiwa, mimi huweka miezi mitatu baada ya ripoti kupokelewa, isipokuwa mkataba au kamati imesema vingine. Ikifika, futa kwenye kinasa sauti, kwenye kompyuta, kwenye kapu la taka la kompyuta, kwenye hifadhi ya mtandaoni na kwenye barua pepe mlizotumiana. Karatasi zichanwe kwa mashine. Andika mstari mmoja kwenye daftari la mradi: nini kimefutwa, nani amefuta, tarehe ngapi. Mtu wa pili atie saini baada ya kutafuta faili mwenyewe na kuzikosa.